Mtoro wa Maulbronn: uchambuzi wa kisa cha ujana wa Hermann Hesse, 1877–1899

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinapoandikwa kwa ajili ya walimu, wazazi na washauri nasaha, jina la mtoto hufichwa. Hapa jina la mhusika mkuu nimeliacha, kwa kuwa ni Hermann Hesse, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1946. Barua za ujana wake, pamoja na za wazazi na walezi wake, zilikusanywa na mjane wake na zikaanza kuchapishwa mwaka 1966. Niliyoyaondoa ni majina ya wenzake wa bwenini na la msichana mmoja anayejitokeza katikati ya kisa. Hao hawakuomba kujulikana.

Kisa chenyewe husimuliwa kwa njia moja tu: palikuwa na kipaji kikubwa, shule katili na wazazi wenye dini kali, na mwishowe kipaji kikashinda. Ukizipanga tarehe na kuzifuata moja baada ya nyingine, unakuta jambo tofauti. Unakuta watu wazima wenye elimu, waliompenda kijana huyu kwa dhati, wakimhamisha makazi mara sita ndani ya miezi sita. Kila uamuzi ulikuwa na sababu nzuri, na karibu kila uamuzi ulimzidishia hali mbaya. Ndiyo maana nakiona kinafaa kufundishia. Katili ni rahisi kumkwepa. Kazi ni kumtambua mwenye nia njema anayekosea.

Nyumba aliyotoka

Hesse alizaliwa tarehe 2 Julai 1877 huko Calw, mji mdogo kando ya mto Nagold, pembezoni mwa Msitu Mweusi, katika Ufalme wa Württemberg. Kwao walikuwa wamisionari kuumeni na kukeni. Babu mzaa mama, Hermann Gundert, aliondoka kwenda India mwaka 1836, akaishi huko zaidi ya miaka ishirini, na kamusi yake ya Kimalayalam ilitoka mwaka 1872. Mama yake, Marie, alizaliwa huko India mwaka 1842. Baba yake, Johannes, alikuwa Mjerumani wa Estonia, raia wa Urusi, aliyetumwa India na Misheni ya Basel akarudi baada ya miaka michache kwa sababu ya afya. Huko Calw palikuwa na shirika la kuchapisha vitabu vya dini. Babu alikuwa mkuu wake, na baba akawa msaidizi wake.

Msomaji wa pwani yetu atapenda kujua kwamba Marie alikuwa mjane alipoolewa na Johannes mwaka 1874. Mume wake wa kwanza alikuwa mtoto wa Karl Wilhelm Isenberg, mmisionari aliyekuwa Ethiopia pamoja na Johann Ludwig Krapf kabla Krapf hajafika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kazi yake ya Kiswahili. Hivyo kaka wawili wakubwa wa Hermann, wa mama mmoja, walikuwa wajukuu wa mwenzake Krapf. Dunia ya watu wa Misheni ya Basel ilikuwa ndogo kiasi hicho, na yote ilikuwa ya vitabu, lugha na wokovu.

Kidini walikuwa Wapietisti, Waprotestanti wanaosisitiza uchaji wa moyo. Kwa Mpietisti, utashi wa mtoto ni mahali dhambi inapojificha, kwa hiyo unapaswa kuvunjwa mapema ili Mungu apate nafasi. Sisi tuna methali yetu ya samaki kukunjwa angali mbichi, lakini methali haimtaki mtu amvunje samaki. Wazazi hawa walikuwa wapole, wasomi na watu wa nyimbo. Ukali wao ulikuwa wa sala na huzuni zaidi kuliko wa fimbo, na mtoto huona ni vigumu kumkasirikia mzazi anayemlilia.

Na mtoto hakuwa mwepesi. Mwaka 1881, Hermann akiwa na miaka minne, Marie alimwandikia mumewe barua akimwomba wamwombee pamoja. Alisema mtoto ana nguvu kama jitu, ana utashi wa kutisha na akili ya kushangaza, na kwamba kupambana naye kunammaliza. Miaka miwili baadaye, wakiwa wanaishi Basel, baba alijiuliza katika barua kama wasingefanya vyema kumpeleka kwenye kituo au nyumba nyingine, kwani wao wenyewe walikuwa dhaifu mno kwake. Mwanzoni mwa 1884 wakampeleka kweli kwenye nyumba ya wavulana ya misheni, akawa anarudi nyumbani Jumapili. Alikuwa hajatimiza miaka saba.

Tukio hilo huandikwa kwa sentensi moja katika wasifu nyingi. Kwa mchambuzi lina uzito zaidi, kwa sababu hapo familia ilijifunza jibu ambalo ingelirudia baadaye: nyumba ikishindwa, mtoto ahamishwe.

Ngazi yenye kipago kimoja

Familia ilirudi Calw mwaka 1886. Pesa hazikuwa nyingi, na kwa kijana mwenye akili wa Württemberg njia ya kupanda ilikuwa moja. Ungefanya mtihani wa kuchuja wa ufalme ukiwa na miaka kama kumi na minne. Ukifaulu, serikali ingekusomesha bure katika seminari za Kiprotestanti, kisha chuo cha teolojia huko Tübingen. Mwisho wa safari ungekuwa mchungaji au mwalimu. Njia hiyo ilikuwa imewapitisha mwanaastronomia Johannes Kepler na mshairi Friedrich Hölderlin, na wazazi hawakukosea kuiona kuwa ni bahati.

Bei yake haikuandikwa mlangoni. Mtihani ulikuwa wa raia wa Württemberg, wakati baba alikuwa ameshachukua uraia wa Uswisi kwa ajili ya familia nzima. Ikabidi Hermann peke yake abadilishiwe uraia. Kuanzia hapo, kuacha shule kusingekuwa kuacha shule tu. Kungekuwa kupoteza kila kilichotolewa kwa ajili yake.

Mwaka 1890 alipelekwa shule ya Kilatini ya Göppingen kujiandaa na mtihani, chini ya Mkuu wa Shule Otto Bauer. Bauer alikuwa mzee mkali mwenye mambo yake ya ajabu, na kazi aliyowapa wanafunzi ilikuwa nzito. Hesse alimpenda maisha yake yote. Mtu asisahau jambo hili atakapofika kwenye uchambuzi, kwa maana linaondoa kisingizio kwamba kijana huyu hakuweza kuvumilia nidhamu.

Kwa maelezo yake mwenyewe aliyoyachapisha mwaka 1925, alikuwa ameshaamua tangu miaka kumi na mitatu kwamba atakuwa mshairi au hatakuwa kitu chochote. Shida, anasema, ilikuwa kwamba kuna shule ya kumfanya mtu mchungaji, daktari, fundi au mwalimu, lakini ya ushairi haikuwepo. Kuwa mshairi mashuhuri kulikuwa heshima, ila kutaka kuwa mshairi ilikuwa kichekesho na aibu.

Yaliyotokea, kwa mfuatano

Aliingia seminari ya Maulbronn Septemba 1891. Mahali penyewe ni monasteri ya karne ya 12, kuta nene za mawe, na mabweni yalikuwa na majina ya kale. Lake liliitwa Hellas. Barua zake za mwanzo ni za kijana aliyeridhika. Anasoma Homer, anatafsiri, anaelewana na wenzake. Hakuna aliyeona dalili, na ukizisoma leo huioni kirahisi.

Tarehe 7 Machi 1892, baada ya chakula cha mchana, aliondoka bila koti wala pesa. Alitembea kwa muda wa saa ishirini na tatu, akalala nje kwenye baridi ya chini ya sifuri, akapatikana kesho yake na askari, akarudishwa. Shule ilimpa adhabu ya kufungiwa chumbani kwa muda wa saa nane. Kwa kanuni za wakati ule hiyo ilikuwa adhabu nyepesi. Iliyomuumiza zaidi haikutolewa na mwalimu yeyote: wenzake walianza kumkwepa, na rafiki yake wa karibu alikatazwa na baba yake kuendelea na urafiki huo.

Akaanza kuumwa kichwa, kukosa usingizi na kuzama katika huzuni. Mei wazazi walimtoa wakampeleka Bad Boll kwa Mchungaji Christoph Blumhardt, ambaye jina la familia yake lilivuma kwa maombi ya uponyaji. Majuma ya kwanza yalikuwa mazuri. Halafu akampenda msichana aliyemzidi umri kwa miaka kadhaa, akakataliwa, na Juni akajaribu kujiua. Alikuwa na miaka kumi na minne, akikaribia kumi na tano.

Blumhardt alikasirika. Aliona uovu na kazi ya shetani, akataka kijana aondolewe apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili. Siku chache tu zilipita kabla ya kufikishwa Stetten, kituo cha watu wenye kifafa na ulemavu wa akili kilichoongozwa na Mchungaji Gottlob Schall. Huko alifanya kazi ya bustani na kusaidia kuwafundisha watoto, akatulia. Agosti akarudishwa nyumbani. Hazikupita wiki tatu, ugomvi na baba ukawa wa kila siku, na tarehe 22 Agosti akarudishwa Stetten.

Kutoka huko, tarehe 14 Septemba 1892, alimwandikia baba yake barua inayoanza kwa kumwita bwana mheshimiwa, kama anayemwandikia karani asiyemjua. Alijitia sahihi kama mfungwa wa Stetten. Aliuliza ni nani hasa mwenye akili dhaifu katika jambo hili, akamwambia baba asimwandikie tena habari za Kristo wake. Ni barua ya kejeli na ya kuumiza. Pia ni kipande cha kwanza cha nathari yake kinachosimama chenyewe.

Oktoba walimpeleka Basel, kwa mchungaji aliyemfahamu tangu utotoni. Novemba akaingia sekondari ya Cannstatt. Januari 1893 hali mbaya ikajirudia, akauza vitabu vyake vya shule ili anunue bastola. Alikunywa, akakopa. Hata hivyo Julai alifaulu mtihani uliompa haki ya kutumikia jeshi kwa mwaka mmoja tu, cheti kilichoheshimiwa na waajiri. Oktoba wakampatia nafasi ya mwanagenzi katika duka la vitabu huko Esslingen. Alikaa siku tatu akatoroka.

Uamuzi ambao haukuwa na fahari

Baada ya Esslingen wazazi waliishiwa na mahali pa kumpeleka. Nadhani hilo ndilo lililomwokoa.

Alikaa nyumbani kwa miezi kadhaa. Alimsaidia baba kazi za ofisini, akapalilia bustani, na zaidi ya yote akaingia maktaba ya babu yake, aliyefariki Aprili 1893. Humo alijisomea fasihi ya Kijerumani na ya mataifa mengine bila mtihani mbele yake. Juni 1894 akaenda kujifunza kazi kwa Heinrich Perrot, mwenye karakana ya saa za minara hapo hapo Calw. Mwaka mmoja na zaidi alisimama mbele ya jiliwa akipiga tupa, akikereza na kulehemu. Majirani walimwona mwana wa wasomi akirudi jioni na ovaroli yenye grisi, na mji mdogo una maneno. Alifikiria hata kuhamia Brazil.

Wasifu nyingi huipita karakana haraka kufikia vitabu. Mimi ningemwomba mwanafunzi wa ushauri nasaha akae hapo. Kazi ya Perrot ilikuwa na sifa ambazo hakuna kituo kilichotangulia kilikuwa nazo. Jino la gurudumu ama limekaa sawa ama halikukaa, na kosa lake halikuwa dhambi. Jioni kazi iliisha, na saa zilizobaki zilikuwa zake, za kusoma na kuandika. Hali ya roho yake haikujadiliwa na mtu. Na alilala kwao, kwa hiyo kushindwa kazini kusingemaanisha kufukuzwa nyumbani. Hesse hakuwa na kipaji cha ufundi na alilijua hilo. Shukrani yake hata hivyo ilidumu: miaka hamsini hivi baadaye, katika riwaya yake kubwa ya mwisho, aliyevumbua mchezo unaozungukwa na hadithi nzima aliitwa Perrot.

Oktoba 1895 aliondoka Calw kwa hiari yake mwenyewe, kwenda Tübingen kuwa mwanagenzi katika duka la vitabu la Heckenhauer. Kazi ilikuwa ileile aliyoikimbia Esslingen baada ya siku tatu. Safari hii alimaliza miaka mitatu yote ya uanagenzi, akabaki hadi 1899 kama msaidizi. Alifanya kazi karibu muda wa saa kumi na mbili kwa siku, kisha usiku akamsoma Goethe na Waromantiki.

Matokeo

Kitabu chake cha kwanza, mashairi, kilichapishwa kwa mchango wa pesa zake mwenyewe, kikiwa kimeandikwa 1899 kama mwaka wa kutoka. Kati ya nakala 600, mwaka wa kwanza ziliuzwa 54. Mama yake alipoyasoma maandishi yake ya mwanzo hakufurahi. Alimsihi aikimbie sanaa ya namna hiyo kama mtu anavyomkimbia nyoka. Mwaka 1904 riwaya yake ya kwanza ilimwezesha kuishi kwa kalamu, na mwaka 1906 akatoa riwaya ya mwanafunzi anayesagwa na seminari inayofanana sana na Maulbronn. Kati ya vitabu hivyo vya kwanza na mafanikio, mama alifariki, Aprili 1902. Hesse hakwenda mazikoni.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoharibika

Nianze na la kwanza kabisa, yaani tafsiri ya tatizo. Kila aliyemkabili kijana aliliona tatizo kwa miwani ya kazi yake. Seminari iliona utoro. Blumhardt aliona shetani. Stetten iliona mtu wa kutulizwa kwa kazi za mikono. Baba aliona roho iliyo mbali na Mungu. Kijana mwenyewe alikuwa ameshasema kwa maneno ya kawaida anataka nini, na hilo peke yake ndilo halikujibiwa, hata kwa kukataliwa kwa hoja. Aliyekaribia ni babu Gundert. Hermann alipokwenda kwake baada ya utoro, akitetemeka kwa kungoja karipio, mzee alitabasamu na kusema amesikia mjukuu amefanya kijisafari cha watu wenye vipaji. Hakuongeza neno. Mjukuu alilikumbuka hadi uzeeni.

La pili ni kasi. Bad Boll, Stetten, Calw, Stetten, Basel, Cannstatt: hayo yote yalitokea kati ya Mei na Novemba 1892. Hakuna tiba yoyote, ya kiroho au ya kitabibu, iliyopewa muda wa kujulikana kama inafanya kazi. Stetten ya kwanza ilikuwa inaanza kumsaidia, wakamtoa. Nyumbani kukawa kugumu, wakamrudisha kabla ya wiki tatu.

Mfumo wa ufadhili nao una sehemu yake, na hapa walimu wa shule zetu za vipaji maalumu wataona kitu wanachokifahamu. Pale ambapo nafasi ni moja na imegharimu familia kila kitu, mtoto hawezi kusema "sijisikii vizuri" bila kuonekana msaliti. Atanyamaza hadi siku atakayotoka bila koti. Barua tulivu za Maulbronn hazikuwa ushahidi wa utulivu.

Kilichofaa, mbali na karakana, ni kwamba barua hazikukatika. Hata baada ya ile ya Septemba, baba na mama waliendelea kumwandikia na yeye kuwajibu, na mama alizitunza hata zile zilizomdhalilisha. Na tuwe wa haki kwao: baada ya barua hiyo kali walimtoa Stetten ndani ya mwezi mmoja. Walisikia, ingawa ilibidi watukanwe kwanza.

Sasa niseme kwa nini nakataa maelezo yanayopendwa zaidi, kwamba bila mateso hayo dunia isingempata mwandishi. Hermann alikuwa na mdogo wake wa kiume, Hans, aliyezaliwa 1882. Nyumba ilikuwa ileile, mji uleule, dini ileile. Hans aliteseka vibaya shuleni, akawa karani katika kampuni moja huko Baden, Uswisi, akaishi kwa unyonge, na mwaka 1935 akajiua. Kaka yake aliandika kumbukumbu ya upendo na majuto juu yake. Anayesema ukali ulimtengeneza Hermann anapaswa kueleza kwamba ulimtengeneza Hans kuwa nani. Hermann alitoka salama kwa tundu la sindano, na bastola ilikuwa karibu kuliziba.

Nikilazimishwa kuchagua uamuzi mmoja wa kubatilisha, sitachagua Maulbronn. Shule ile ilikuwa na haki ya kujaribiwa, na uongozi wake haukumtendea unyama. Nitachagua ule wa tarehe 22 Agosti 1892. Kijana alikuwa ametoka Stetten ametulia, akitarajia nyumbani ni nyumbani. Wazazi walikuwa wamechoka, walikuwa na watoto wengine wa kuwafikiria, na ugomvi ulikuwa wa kweli. Lakini kilichohitajika wakati ule kilikuwepo mtaani kwao: maktaba ya babu, babu mwenyewe akiwa bado hai, bustani, na karakana ya Perrot mwendo mfupi kutoka mlangoni. Vyote hivyo walivifikia baadaye, baada ya Basel, Cannstatt na Esslingen kushindikana, na baada ya babu kuzikwa.